Buibui wa Usambara afugwa Ulaya: kumlisha ni kazi ndogo, kumtambua ndiyo kazi kubwa

Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani kuna watu wanaoweka ndani ya nyumba, juu ya kabati au kando ya kitanda, visanduku vya plastiki vyenye udongo, kipande cha ganda la mti na buibui mmoja mkubwa mwenye manyoya. Si kwa ajili ya dawa, wala si mambo ya uchawi. Kwao ni mnyama wa kufugwa, kama wengine wanavyofuga mbwa au kasuku. Na mmoja wa wanaojulikana sana katika visanduku hivyo ni mtoto wa Afrika ya Mashariki: buibui mwenye rangi ya machungwa kutoka milima ya Usambara, kaskazini-mashariki mwa Tanzania.

Jina lake la kisayansi ni Pterinochilus murinus. Alipewa jina hilo mwaka 1897 na Mwingereza Reginald Pocock, aliyekuwa akifanya kazi katika jumba la makumbusho la London. Neno murinus ni la Kilatini, maana yake ni wa panya, au mwenye kufanana na panya. Rangi ya machungwa haimo kabisa katika jina hilo. Jambo hilo dogo tayari linaonyesha shida kubwa ya wapenzi wa buibui: mnyama mmoja anaweza kuwa na rangi nyingi, na rangi moja inaweza kuvaliwa na wanyama wengi.

Buibui huyu hayuko Usambara tu. Anapatikana Angola na katika nchi nyingi za Afrika ya kati, ya mashariki na ya kusini. Sehemu moja ni wa kijivu, sehemu nyingine ni wa kahawia au wa njano iliyofifia, na Usambara ni wa machungwa kama moto. Katika biashara ya Ulaya kuna hata wanaouzwa kwa jina la Kigoma, ule mji wa Tanzania ulio ng'ambo ya ziwa Tanganyika, ambao wakaaji wa Uvira, Baraka na Kalemie wanaujua vizuri kwa sababu ya mitumbwi na bidhaa. Wengi wao hawajui kwamba jina la mji huo limeandikwa pia kwenye visanduku vya buibui.

Watu wanaowafuga

Buibui hawa wakubwa wenye manyoya, ambao kwa Kifaransa wanaitwa migale, ni jamii moja yenye aina zaidi ya 1000 duniani. Wale wa Afrika wanaitwa pia buibui-nyani, kwa sababu ncha za miguu yao, zenye manyoya mafupi na laini, zinafanana na vidole vya nyani.

Ufugaji wao si jambo la jana. Nchini Uingereza wafugaji walikwisha kujikusanya katika chama tangu miaka ya 1980. Nchini Ujerumani, katika mji wa Hamm, kunafanyika mara kadhaa kwa mwaka soko kubwa la wanyama watambaao na buibui, ambako wauzaji na wanunuzi wanafika kutoka nchi mbalimbali. Buibui wadogo wanauzwa ndani ya vikopo vidogo, kila mmoja na karatasi yake yenye jina.

Sababu za kuwapenda ni nyepesi kueleweka. Migale haombi nafasi kubwa. Hapigi kelele, hatoi harufu, na anaweza kukaa majuma mengi bila kula. Tena anaishi muda mrefu. Jike wa Pterinochilus murinus anaweza kupita miaka 10, na katika aina nyingine majike wanapita miaka 20. Dume maisha yake ni mafupi: akishakomaa, anatoka kutafuta jike, na kwa kawaida hamalizi muda mrefu kabla ya kufa.

Rangi inadanganya

Mtu anayeanza kazi hii anafikiri kwamba kumjua buibui ni kutazama rangi. Wenye ujuzi wanasema vingine. Wanaanza na sehemu ya mbele ya mwili, pale macho yake 8 yalipokusanyika juu ya kinundu kidogo. Katika Pterinochilus, mgongo huo una mistari inayotawanyika kama miale ya jua. Katikati kuna kishimo. Katika jamii nyingine ya Afrika, inayoitwa Ceratogyrus, aina nyingi zina pembe iliyosimama mahali pa kishimo hicho. Kwa hiyo mwenye jicho zuri anaweza kutenganisha jamii hizo mbili bila hata kuangalia rangi.

Lakini kutoka kwenye jamii mpaka kufika kwenye aina yenyewe, njia ni ndefu. Hapo kunahitajika darubini, na mara nyingi kunahitajika ngozi. Buibui anapokua, anaivua ngozi yake yote: ya miguu, ya meno, hata ya ndani ya tumbo. Ngozi hiyo inabaki kama shati lililotupwa. Mfugaji anailainisha katika maji yenye sabuni kidogo, anaikunjua polepole, kisha anatafuta upande wa ndani wa tumbo vifuko ambavyo jike anahifadhia mbegu za dume. Vikiwepo, huyo ni jike. Umbo la vifuko hivyo linasaidia pia kutambua aina. Kwa dume aliyekomaa, wataalamu wanatazama kiungo chenye umbo la tone kilicho kwenye ncha za vishikio viwili vya mbele, ambacho umbo lake hutofautiana kutoka aina moja hadi nyingine.

Hata wakubwa wa kazi hii wameshakosea, na kwa miaka mingi. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Mexico. Kule kuna buibui mweusi mwenye magoti mekundu, aliyeenea katika nyumba za wafugaji duniani kote kwa jina la Brachypelma smithi. Mwaka 1997 watafiti waliandika juu ya aina ya jirani yake, wakaiita Brachypelma hamorii, lakini watu wengi hawakuona tofauti. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Mexico, Jorge Mendoza na Oscar Francke, walitazama tena viungo vya buibui hao pamoja na chembe zao za urithi. Ilionekana ya kwamba wengi wa wale waliokuwa wakiitwa smithi katika visanduku walikuwa hamorii. Maelfu ya wafugaji wakabadilisha karatasi juu ya visanduku vyao.

Mtu anaweza kuuliza: ubaya uko wapi? Ubaya uko katika kuzalisha. Mfugaji akimkutanisha dume wa aina moja na jike wa aina nyingine kwa sababu karatasi zimeandikwa jina moja, anaweza kupata watoto wasiokuwa wa huku wala wa kule. Ubaya mwingine uko katika kulinda. Aina ikiitwa kwa jina la jirani yake, hakuna anayejua kama imebaki nyingi porini au imekwisha.

Ndiyo maana wafugaji makini wanatunza zaidi ya jina. Wanaandika pia mahali ambako wazazi wa buibui walitolewa, wakikataa kuchanganya wa Usambara na wa Kigoma hata kama vitabu vinasema ni aina moja. Majina yenyewe yanafuatiliwa katika orodha ya dunia inayotunzwa kwenye jumba la makumbusho la mji wa Bern, Uswisi. Mwaka 2022 orodha hiyo ilifikia aina 50 000 za buibui wa kila namna, na kila mwaka zinaongezeka.

Nyumba, chakula na ngozi mpya

Kumtunza migale hakuombi mali nyingi, kunaomba uvumilivu. Kisanduku kinapaswa kuwa na matundu madogo ya hewa na kifuniko kinachofunga kabisa, kwa sababu buibui anaweza kupita mahali ambapo mtu hadhani. Kwa buibui wa Usambara, chini kunawekwa udongo mkavu wenye kina cha kutosha kuchimba shimo, juu yake ganda la mti, na pembeni chombo kidogo cha maji. Joto la nyumba ya kawaida katika nchi za joto linamtosha. Ulaya, wakati wa baridi, wafugaji wanapasha chumba moto. Kwa siku chache tu, huyu mnyama anajaza kona yote utando mweupe mzito, akifanya njia za kuingilia na kutokea.

Chakula chake ni nyenje, mende na wadudu wengine walio hai. Mkubwa anaridhika na mmoja au wawili kwa juma. Buibui wawili hawawekwi pamoja, sababu mmoja atamla mwenzake.

Wakati wa hatari kubwa kwake ni wakati wa kuvua ngozi. Siku kadhaa kabla, anaacha kula. Kisha analala chali, miguu juu, na mfugaji mpya anadhani amekufa. Wengi wamemtupa mnyama aliye mzima kwa kosa hilo. Akimaliza kutoka, mwili wake ni laini na meno yake bado ni meupe, hayawezi kuuma kitu. Nyenje mmoja aliyesahauliwa ndani ya kisanduku anaweza kumtafuna. Ndiyo sababu mabaki ya chakula yanaondolewa, na buibui anaachwa siku kadhaa bila kulishwa, mpaka meno yawe meusi tena.

Kuzalisha nako kuna hesabu yake. Dume anaingizwa katika kisanduku cha jike aliyeshiba vizuri, na mfugaji anasimama karibu na kijiti mkononi, maana jike anaweza kumgeuza dume kuwa mlo. Mambo yakienda vizuri, jike anafuma mfuko wa mayai, na ndani yake wanaweza kutoka watoto makumi, wakati mwingine zaidi ya mia. Kwa sababu Pterinochilus murinus anazaa kwa urahisi, bei yake katika masoko ya Ulaya iko chini kuliko ya aina nyingi. Hapo ndipo anafika mikononi mwa watu wasiokuwa tayari kwake.

Meno yake si ya mchezo

Migale wengi wa Amerika wana kinga ya kipekee: wanakwangua tumbo kwa miguu ya nyuma na kurusha manyoya yanayowasha ngozi na macho. Wa Afrika na wa Asia hawana manyoya hayo. Kinga yao ni mbio, vitisho na meno. Buibui wa Usambara akisumbuliwa, anainua miguu ya mbele, anaonyesha meno, anatoa sauti ya kukwaruza, kisha anauma. Wafugaji wamempa jina la utani linalomaanisha kile kitu cha machungwa kinachouma. Kwa sababu hiyo watu wenye ujuzi hawamshiki mkononi hata siku moja. Wanatumia koleo ndefu na kikopo.

Hakuna kifo cha mtu kilichothibitishwa kutokana na sumu ya migale. Lakini maumivu ni makali, mahali panavimba, na aina fulani, hasa zile za India na Sri Lanka zinazoitwa Poecilotheria, zinaweza kuleta mikazo ya misuli kwa siku kadhaa. Aliyeumwa anaosha mahali hapo kwa maji na sabuni, anaweka kitu cha baridi, na anaenda kwenye kituo cha afya, hasa ikiwa ni mtoto au mtu anayeanza kukosa pumzi. Kuchanja kwa wembe au kubandika jiwe jeusi hakuondoi sumu. Wembe unaweza kuongeza uchafu ndani ya kidonda.

Kutoka porini hadi kwenye kikopo

Swali linalobaki ni hili: buibui wote hao wanatoka wapi? Mwaka 2022 watafiti walichapisha kazi yao katika gazeti la kisayansi Communications Biology, baada ya kufuatilia biashara ya buibui, nge na ndugu zao. Walikuta aina 1264 zinauzwa. Kati ya wanyama waliohesabiwa, asilimia 67 walikuwa wametolewa moja kwa moja porini. Kwa migale, aina zinazofikia nusu ya zile zinazojulikana zimo katika biashara. Na mapatano ya kimataifa juu ya biashara ya wanyama na mimea ya porini, yanayoitwa CITES, yalikuwa yanahusu aina 30 tu kati ya hizo, yaani asilimia 2.

Brachypelma smithi wa Mexico aliingizwa katika orodha ya CITES mwaka 1985. Poecilotheria wa Asia walingoja mpaka mwaka 2019. Mmoja wao, Poecilotheria metallica, mwenye rangi ya buluu inayong'aa, anajulikana tu katika msitu mdogo wa kusini mwa India, na anahesabiwa kati ya wale walio karibu kabisa kutoweka. Afrika Kusini nako, lililokuwa jimbo la Transvaal liliweka jamii tatu za buibui-nyani chini ya ulinzi mwaka 1987, Pterinochilus wakiwa ndani.

Wadudu wa Afrika ya Mashariki wako pia katika macho ya wanunuzi. Mwezi wa tano mwaka 2025, mahakama moja ya Nairobi iliwatoza Wabelgiji wawili, vijana bado, faini ya shilingi milioni moja za Kenya kila mmoja. Walikutwa Naivasha na malkia wa sisimizi wa porini karibu 5000 ndani ya vichupa, tayari kwa soko la wafugaji wa ng'ambo. Hao hawakuwa buibui, lakini njia ni ileile: mnyama mdogo, chupa ndogo, mizigo isiyotazamwa sana kwenye viwanja vya ndege, na mnunuzi aliye mbali.

Wafugaji wenyewe hawana sauti moja juu ya jambo hili. Wako wanaonunua tu buibui waliozaliwa ndani ya nyumba, na wanasema ya kwamba kila mtoto aliyezalishwa hivyo ni mmoja asiyetolewa porini. Lakini wako pia wanaotafuta aina mpya ambayo jirani hana, na kwao jina la mahali pasipojulikana ni sababu ya kuongeza bei. Utafiti ule wa 2022 ulionyesha jambo hilo: hata aina zilizopewa majina baada ya mwaka 2000, robo yake zilikwisha kuingia sokoni.

Majina yaliyoko vijijini

Mwaka 2019 watafiti walitangaza aina mpya ya buibui-nyani kutoka Angola, nchi jirani ya Congo. Walimwita Ceratogyrus attonitifer. Pembe yake ni ndefu na laini, inalala juu ya mgongo, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona kwa buibui mwingine. Kwa sayansi alikuwa mpya. Kwa wakaaji wa eneo hilo hakuwa mpya hata kidogo: walikuwa na jina lake, chandachuly, na ndio walioeleza mambo mengi juu ya maisha yake.

Habari hiyo inagusa pia Congo. Buibui wengi waliokusanywa nchini wamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Afrika huko Tervuren, karibu na Bruxelles. Ni pale pale mtaalamu Rudy Jocqué, pamoja na Ansie Dippenaar-Schoeman wa Afrika Kusini, walitoa mwaka 2006 kitabu kikubwa cha kutambua familia za buibui wa dunia nzima. Mtoto wa shule wa Bukavu au wa Bunia anayetaka kujua jina la buibui wa shamba la wazazi wake anakuta maarifa hayo yako mbali, katika lugha ambazo si yake.

Congo, wakati ule ikiitwa Zaire, iliingia katika CITES mwaka 1976, na sheria namba 14/003 ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 inahusu ulinzi wa viumbe vya porini. Lakini afisa wa mpakani hawezi kuzuia kitu asichokitambua. Pterinochilus murinus mwenyewe hayumo katika orodha ya CITES. Mgeni akipita na vichupa 200 akisema ni wadudu tu, ni nani atamjibu?

Jibu linaweza kuanzia mahali padogo. Mkulima anayekuta shimo lenye utando mweupe mlangoni halazimiki kumwaga maji ya moto ndani yake. Buibui huyo hatoki kumfuata mtu, na usiku anakula mende na panzi wanaopita karibu. Mwenye simu anaweza kupiga picha ya mgongo wa mbele, ya tumbo na ya shimo, akaandika kijiji, tarehe na jina ambalo wazee wanamwita. Picha yenye mahali na tarehe ina faida kwa mtaalamu kuliko buibui aliyekufa asiyejulikana alikotoka. Na mtu akifika kijijini kuwalipa watoto ili wamkusanyie buibui kwa mamia, chifu na walinzi wa mbuga wanapaswa kujulishwa kabla vichupa havijafungwa.

Wanunuzi wa Hamm wanajua bei ya buibui wa Usambara na rangi anayopaswa kuwa nayo. Jina analoitwa kijijini halimo kwenye karatasi zao. Hilo bado liko mikononi mwa wale wanaoishi naye.